Granada kwa muhula mmoja: ulinganisho wa shughuli za kitamaduni kwa mwanafunzi wa kigeni

Mwanafunzi anayefika Granada, mji wa kusini mwa Hispania, kwa muhula mmoja ana miezi minne au mitano tu mkononi, na wiki za mwanzo humezwa na kutafuta chumba, kushughulikia karatasi za ukaazi na kuzoea ratiba ya masomo. Chuo Kikuu cha Granada, kilichoanzishwa mwaka 1531 zama za Mfalme Carlos V, ni miongoni mwa vyuo vinavyopokea wanafunzi wengi zaidi wa Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi, barani Ulaya, kwa hiyo matangazo ya ziara, maonyesho na safari yamejaa kila kona, na mengi yanamfanya mgeni aamini kwamba asipolipia yote atarudi kwao mikono mitupu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye fedha kidogo na muda mfupi, ambaye lazima achague. Kipimo changu ni kimoja: je, shughuli hii itamrudisha mtu mahali pale pale, kwa watu wale wale, mpaka lugha na mji vimwingie, au ataitazama mara moja na kubaki na picha kwenye simu? Kwa kipimo hicho, baadhi ya mambo yanayosifiwa sana hushuka daraja, na mengine yasiyotangazwa na mtu hupanda.

Alhambra au mtaa wa Albaicín

Wapo wanaodhani kwamba Alhambra, ngome na majumba ya kale ya masultani wa Granada, ni jumba la makumbusho la kuingia siku yoyote mtu akiwa na nafasi. Sivyo. Tiketi ya kuingia katika majumba ya masultani wa ukoo wa Banu Nasr hutolewa kwa jina la mtu, huambatana na kitambulisho au pasipoti, na huandikwa saa maalumu ya kuingia. Anayechelewa hukosa majumba hayo hata kama ngome na bustani za Generalife bado ziko wazi kwake. Bei ya tiketi kamili kwa miaka ya karibuni imezunguka euro 20, na katika majira ya machipuko tiketi huisha mapema sana. Kwa hiyo ushauri wangu una sehemu mbili zinazoonekana kupingana: nunua tiketi wiki ya kwanza, lakini chagua tarehe ya mwezi wa pili au wa tatu wa muhula, ukiwa umekwisha kusoma kidogo na kuelewa unachokwenda kukitazama.

Msomaji aliyelelewa Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja huingia humo akiwa na faida ambayo wenzake wengi darasani hawana. Kuta za Alhambra zimeandikwa kuliko zilivyochorwa. Maneno "wa la ghaliba illa Allah", yaani hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamerudiwa mara nyingi mno katika nakshi za chokaa, na mtu aliyesoma chuo cha Kurani utotoni, akituliza macho kwa dakika chache, huanza kuyatambua katikati ya mapambo; mzizi wa neno "ghaliba" ndio ule ule uliotupa "aghalabu". Kwenye ukingo wa beseni la chemchemi ya simba 12, iliyojengwa zama za Muhammad wa Tano, kumechongwa beti za Ibn Zamrak, mshairi na waziri. Vishubaka vilivyo pande mbili za milango, ambamo iliwekwa mitungi ya maji, vitamkumbusha zidaka za nyumba za Waswahili. Hata mtu mmoja anaweza kutajwa kuwa aliziunganisha pwani hizi mbili kwa miguu yake mwenyewe: Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada takriban mwaka 1350 chini ya Sultani Yusuf wa Kwanza, na ni hapo alipokutana na Ibn Juzayy, kijana ambaye baadaye aliandika simulizi za safari zake.

Ng'ambo ya pili ya mto Darro uko Albaicín, mtaa wa mlimani ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, miaka kumi baada ya Alhambra yenyewe. Hapa hakuna tiketi. Nyumba zake ziitwazo carmen huficha bustani nyuma ya kuta ndefu zisizo na madirisha makubwa kuelekea njiani, na vichochoro hupinda kiasi kwamba mgeni hulazimika kuuliza njia, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa lugha ni faida. Karibu na uwanja wa San Nicolás, ambapo watalii hukusanyika kutazama jua likizama juu ya Alhambra, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wa kwanza kujengwa mjini humo tangu utawala wa Kiislamu ulipokoma tarehe 2 Januari 1492. Mwanafunzi Mwislamu atapata hapo sala ya Ijumaa, na asiye Mwislamu anaweza kutembelea bustani yake.

Nikilinganisha hizi mbili, Alhambra hutembelewa mara moja kwa maandalizi, na Albaicín hutembelewa kila wiki. Aliyekosa tiketi kabisa asivunjike moyo, kwa maana jumba la Carlos V lenye ua wa duara lililo ndani ya eneo hilo hilo huingiwa bila malipo, na mjini chini kuna Corral del Carbón, nyumba ya wageni ya wafanyabiashara wa karne ya 14 ambayo lango lake peke yake lafaa kusimamiwa nusu saa. Liko pia jengo la Madraza, shule iliyoanzishwa na Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, ambalo leo ni mali ya chuo kikuu. Ndani yake mna chumba cha sala cha zamani chenye nakshi za ukoo ule ule wa Banu Nasr.

Flamenco: pangoni, penye chama, au darasani

Hapa, kwenye flamenco, uimbaji na uchezaji wa kusini mwa Hispania, ndipo fedha nyingi za wanafunzi hupotea, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Njia ya kwanza ni onyesho la pangoni katika mtaa wa Sacromonte, ambako jamii ya Waroma, wanaoitwa gitanos na Wahispania, waliishi katika mapango yaliyochongwa mlimani na kuendeleza zambra, ngoma iliyofungamana na sherehe za harusi zao. Mtazamaji hukaa kwenye kiti kilichopangwa ukutani, wachezaji hupita hatua moja mbele ya magoti yake, na kishindo cha viatu husikika mpaka kifuani. Tiketi kwa kawaida huwa kati ya euro 20 na 30, mara nyingi ikijumuisha kinywaji. Ni tukio zuri na wachezaji wengi ni mahodari wa kweli, lakini huchukua saa moja hivi, hufuata mpangilio ule ule kila usiku, na watazamaji karibu wote ni wapita njia kama wewe. Ukitoka hapo hutakuwa umezungumza na mtu.

Njia ya pili ni peña, yaani chama cha wapenzi wa flamenco. Peña La Platería, iliyoko Albaicín, ilianzishwa mwaka 1949 na huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Hispania. Vyama vya namna hii huwafungulia watu wa nje milango baadhi ya usiku, kwa malipo ambayo kwa kawaida ni chini ya yale ya mapangoni, na hadhira huwa ni wanachama wazee wanaojua kila mkondo wa wimbo. Uimbaji, uitwao cante, hupewa heshima kuliko uchezaji. Watu hunyamaza kabisa mwimbaji anapoanza, na neno "olé" hutoka mahali pake tu, baada ya kipande kigumu kuvukwa salama; mgeni anayepiga makofi ovyo hutazamwa kwa jicho la kumrekebisha. Kwa anayetoka katika jamii ambayo mpenzi wa taarabu huinuka kumtunza mwimbaji katikati ya ubeti, tofauti hiyo ya adabu ni somo zima. Inafaa pia kujua kwamba mvutano kati ya jukwaa la biashara na uimbaji wa wajuzi si wa leo: mwezi Juni mwaka 1922 mtunzi Manuel de Falla, akisaidiwa na mshairi kijana Federico García Lorca na wengineo, aliandaa mashindano ya cante jondo, uimbaji wa kina wa flamenco, ndani ya Alhambra kwa hofu kwamba uimbaji wa kale ulikuwa unaharibiwa na maonyesho ya kulipia.

Njia ya tatu ni darasa. Shule ndogo za flamenco huchukua wanafunzi wa mwanzo kabisa, na si lazima kuanza na kucheza. Ningemshauri mtu yeyote aanze na palmas, upigaji wa makofi, kwa sababu humo ndimo compás, mpangilio wa mapigo ya flamenco, ilimo. Mdundo wa soleá, mojawapo ya aina za flamenco, huhesabiwa hadi 12, na mkazo huangukia hesabu ya 3, 6, 8, 10 na 12, mpangilio unaowatatiza wengi waliozoea muziki wa mapigo manne, ilhali sikio lililokulia kwenye ngoma ambazo mbili na tatu hupishana ndani yake huuzoea mapema. Gharama ya mwezi mmoja wa darasa inaweza kuzidi ya onyesho moja. Hata hivyo kwa mwezi huo utakutana na watu wale wale mara nne au nane, utasahihishwa kwa Kihispania kwa sauti kubwa, na utakapokwenda tena peña utasikia kitu ambacho hukukisikia mwanzo.

Kwa hiyo mwenye kuchagua kimoja achague darasa, mwenye nafasi ya viwili aongeze peña, na pango libaki la mwisho, labda siku wazazi au rafiki wanapokuja kutembea. Najua wenyeji wa Sacromonte wanaishi kwa maonyesho hayo, na sisemi yaachwe; nasema mwanafunzi hana bajeti ya mtalii wa siku mbili, na mtalii naye hana miezi minne ya mwanafunzi.

Mazungumzo ya kubadilishana lugha au meza ya tapas

Intercambio ni makubaliano ya watu wawili kukutana na kuzungumza, nusu ya muda kwa lugha ya mmoja na nusu kwa ya mwenzake. Haina malipo. Chuo kikuu husaidia kuwakutanisha wanafunzi, na baadhi ya mikahawa huandaa jioni za makundi. Kati ya hizo mbili, ya watu wawili ni bora mara nyingi zaidi, kwa kuwa katika makundi makubwa wageni huishia kuzungumza Kiingereza wao kwa wao. Mwanafunzi kutoka Kenya, Uganda au Tanzania ataombwa Kiingereza mara tu atakapotaja kwao. Akubali, lakini aweke saa mezani, vinginevyo atajikuta mwalimu asiyelipwa.

Anacho kitu kingine cha kutoa. Kihispania na Kiswahili vilikopa kwa mkopeshaji mmoja, Kiarabu, na kumwonyesha Mgranada maneno hayo huanzisha mazungumzo ambayo kitabu cha sarufi hakiwezi kuyaanzisha. "Hasta" yao ni "hata" yetu, na "fulano" ni "fulani" bila kubadilika sana. "Azúcar" ni sukari, "aceituna" ni zeituni, "azafrán" ni zafarani, na "alcázar" ni kasri. "Rehén", mateka, ni ndugu wa rehani. Meya wa mji huitwa "alcalde", neno lililotokana na kadhi.

Tapas nazo ni utamaduni wa Granada kwa namna ambayo miji mingi ya Hispania imeuacha: ukiagiza kinywaji, sahani ndogo ya chakula huletwa bila malipo ya ziada, na kinywaji cha pili huja na sahani tofauti. Si lazima kiwe kileo. Soda au mosto, maji ya zabibu yasiyochachuka, huja na sahani vile vile. Asiyekula nguruwe aseme mapema "no como cerdo", kwa sababu hata maharage mabichi ya Kigranada hupikwa na vipande vya paja lake, na aombe samaki wa kukaanga au biringanya zenye asali ya miwa, chakula kitamu sana. Katika njia ya Calderería Nueva kuna nyumba za chai ya mnanaa zinazofaa kwa asiyetaka kukaa baa kabisa.

Kama nafasi ya ratiba ni moja kwa wiki, mgeni ambaye Kihispania chake bado kichanga aipe intercambio kwa miezi miwili ya mwanzo. Watu wa Andalusia, jimbo ambamo Granada imo, humeza herufi ya "s" mwishoni mwa silabi na "d" katikati ya irabu, mji wenyewe wakiuita "Graná", na ndani ya baa yenye kelele maneno hayo hugeuka mvumo tu. Sikio likishazoea sauti ya mtu mmoja mahali palipotulia, meza ya watu sita haitakuwa mateso.

Sherehe za mwaka: muhula wa vuli au wa machipuko

Aliye na uhuru wa kuchagua muhula achague wa Februari hadi Juni. Muhula wa vuli una maandamano ya Bikira wa Angustias mwishoni mwa Septemba na tamasha la jazi mwezi Novemba, kisha tarehe 2 Januari huadhimishwa kutwaliwa kwa mji mwaka 1492, sherehe ambayo baadhi ya wakazi huishangilia na wengine huipinga hadharani. Ni vyema kuihudhuria pamoja na mwenyeji anayeweza kukueleza hoja za pande zote mbili. Lakini machipuko ndiyo yenye uzito.

Juma Kuu hujaza njia kwa siku nane. Vyama vya waumini hubeba mabegani sanamu nzito za Mateso na za Bikira Maria, huku waliotubu wakitembea na kofia ndefu zilizochongoka na kufunika nyuso. Mwafrika anayeziona mara ya kwanza hushtuka, na haki yake kushtuka, kwa jinsi mavazi hayo yanavyofanana na yale ya wabaguzi wa Marekani. Ajue kwamba desturi ya Hispania ni ya toba, inatangulia kundi hilo kwa karne nyingi, na haina uhusiano nalo. Kati ya maandamano yote ningechagua mawili. La kwanza ni la Jumatano, Kristo wa Gitanos anapopandishwa Sacromonte usiku kati ya mioto iliyowashwa kando ya njia na nyimbo zinazotoka madirishani. La pili ni lile la Kimya, usiku wa Alhamisi Kuu, ambapo taa za barabarani huzimwa na kinachosikika ni ngoma moja tu. Yote ni bure, lakini uwe tayari kusimama saa nyingi.

Siku ya Msalaba, tarehe 3 Mei, ni ya furaha na ya mtaani zaidi. Watu hujenga misalaba ya mikarafuu myekundu viwanjani na kuizungushia vyombo vya shaba, mashali na vyungu. Mbele huwekwa tufaha lililochomwa mkasi: aina hiyo ya tufaha huitwa "pero", neno ambalo kwa Kihispania pia humaanisha "lakini", na mkasi upo kumkata ulimi yeyote atakayesema msalaba ni mzuri, lakini. Mwenye aibu ya kuzungumza na wageni atajifunza mengi zaidi siku hii kuliko katika Juma Kuu, kwa kuwa hapa watu wanataka kuulizwa.

Lorca

Kwa nyumba za García Lorca, aliyezaliwa Fuente Vaqueros tarehe 5 Juni 1898 na kuuawa Agosti 1936 karibu na Víznar mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, chaguo ni jepesi. Huerta de San Vicente, nyumba ya familia ya majira ya joto, iko ndani ya mji, hufikiwa kwa miguu, na bado ina meza yake ya kuandikia na piano yake. Fuente Vaqueros huhitaji basi na nusu siku, na humfaa zaidi anayesoma fasihi.

Safari ya siku moja: Córdoba au Alpujarra

Matangazo ya safari huweka Córdoba mbele, na sababu ipo. Msikiti wake mkuu, ulioanza kujengwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, una msitu wa nguzo zaidi ya 800, na katikati yake kumepandikizwa kanisa kuu kuanzia mwaka 1523. Mwanafunzi Mwislamu ajiandae moyoni, kwa sababu jengo hilo leo ni kanisa na hairuhusiwi kusali humo sala ya Kiislamu. Safari ya kwenda na kurudi hula saa tano au zaidi za basi, na anayebahatika kwenda nusu ya kwanza ya Mei hukuta nyumba zimefungua nyua zao zilizojaa maua.

Alpujarra, upande wa kusini wa milima ya Sierra Nevada, haina jengo la kulinganishwa na hilo, lakini ndiyo niliyoiweka mbele. Baada ya 1492 Waislamu waliobatizwa kwa kulazimishwa waliendelea kuishi katika vijiji hivi hadi waliposimama kupigana mwaka 1568. Waliposhindwa walitawanywa sehemu nyingine za nchi, na walowezi kutoka kaskazini wakapewa nyumba zao. Mifereji ya maji waliyoichimba milimani bado inamwagilia mashamba. Nyumba za Pampaneira, Bubión na Capileira zina mapaa bapa yaliyofunikwa udongo wa kijivu usiopitisha maji, na aliyewahi kuona tembe za Wagogo atasimama kuzitazama kwa muda mrefu. Njia ya miguu hupanda kutoka kijiji cha kwanza hadi cha tatu ndani ya asubuhi moja, na mafundi wa mazulia ya vitambaa chakavu yaitwayo jarapa hawana haraka ya kumwondoa mtu anayeuliza maswali. Mabasi ya kurudi Granada ni machache, kwa hiyo saa ya basi la mwisho kutoka Capileira isomwe asubuhi, kabla ya kuanza kupanda, kwani anayelikosa hulala huko huko.